Mwenyekiti Aliyewinda Mwaka Mzima

Watu wa Area D, hapa Dodoma, wakimkumbuka Mwenyekiti hutaja bunduki yake na kofia yake ya kijani. Mimi nakumbuka pua yake. Asubuhi moja ya mwezi wa sita nilitoka uani na beseni langu nikamkuta amesimama kwenye kamba yangu ya nguo, ameshika shati la mume wangu kwa mikono miwili, analinusa. Hakushtuka wala hakuona haya. Aligeuza shati akanusa na kwapani, kisha akatikisa kichwa.

"Shemeji," akasema, "umetumia sabuni ya kunukia."

"Shikamoo kwanza, Mwenyekiti."

"Marahaba. Umetumia sabuni ya kunukia."

"Nimetumia. Niliinunua niitumie, sikuinunua niitazame."

"Shati hili, tandala atalisikia akiwa bado yuko Kondoa."

Jamani! Sisi tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kufulia majivu na majani ya mpapai, miaka ambayo kipande cha sabuni ulikipata kwa foleni na kwa kujuana. Halafu biashara zikafunguliwa, maduka ya mjini yakajaa vitu mpaka mtu unasahau ulichofuata. Sabuni za waridi, za limau, zimefungwa kwenye karatasi zinazong'aa. Nami nikajinunulia yangu, nikaiweka katikati ya nguo kabatini wiki nzima kabla ya kuifungua, kwa raha tu. Ndipo anakuja huyu bwana kuipiga marufuku kwa ajili ya mnyama.

Na ilipigwa marufuku kweli. Kuanzia mwezi wa tano wanaume wa kikundi hawakuoga kwa sabuni ya kunukia, hawakupaka mafuta, na nguo zao za porini zilitundikwa kwenye banda la mbuzi zikolee. Mume wangu akiingia ndani na lile gwanda nilikuwa namuuliza, "Baba Neema, leo nalala na wewe au nalala na beberu?" Mwanzoni alikuwa anacheka. Baadaye akawa hacheki, ananijibu kwamba Mwenyekiti amesema.

Niseme alikuwa mwenyekiti wa nini, maana mtu anaweza kudhani ni wa chama au wa mtaa. Alikuwa mwenyekiti wa wawindaji. Watumishi wachache wa serikali pamoja na fundi magari mmoja wa Kizota walikuwa na leseni zao halali kutoka kwa Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita ofisa wa wanyamapori. Pori likifunguliwa mwezi wa saba, walikwenda upande wa Chemba siku za mapumziko, wakawinda mpaka lifungwe Desemba. Mwenyekiti alihamishiwa Dodoma kutoka sijui wapi, sikuuliza na sitauliza. Alikuja na Landrova na bunduki nzuri kuliko za wenzake, wakampa uongozi. Walimkaribisha sebuleni, mwenzangu, yeye akahamia mpaka chumbani.

Kabla yake mambo yalikuwa matamu. Mume wangu ni mtu wa Tabora, alikuwa karani wa wizara, mpole ofisini na mpole nyumbani, lakini siku ya kwenda porini alikuwa anaamka anaimba. Yeye na Fundi wa Kizota walikuwa wanapiga kanga wawili watatu, pengine digidigi, wanapika hukohuko kwenye sufuria jeusi, wanakula, wanalala kivulini, wanarudi Jumapili jioni wananuka moshi na wana uongo wa kututosha wiki nzima. Wakikosa, walituletea ubuyu. Fundi alikuwa ananikabidhi kiroba kwa heshima zote: "Mama Neema, pokea kanga. Wa mwaka huu wana mbegu nyingi, mvumilie." Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa na misemo, na aliisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Msimu haupikwi Julai, msimu unapikwa Januari." Huo ndio aliupenda zaidi. Na kweli alianza Januari. Pori limefungwa, mvua inanyesha, watu wenye akili wako mashambani, yeye anawakusanya wanaume kwenye baraza langu, kwa sababu lilikuwa refu kuliko lake, anawapigisha magoti na bunduki zisizo na risasi wakilenga kopo la maziwa alilolipigilia msumari ukutani. Wanakaa hivyo mpaka mikono inatetemeka. Mtu akishusha, yeye anasema neno moja tu, "Tena." Mwanetu Neema alikuwa anawachungulia dirishani akawa anaiga, na mpaka leo akitaka kunichokoza nikiwa nachota maji hunisimamia nyuma akasema, "Tena."

Mwezi wa pili ni kupanda mlima na kiroba cha mchanga mgongoni. Wa tatu ni kwenda kutazama majani yameota wapi. Wa nne ni kutembea pekupeku uani bila kuvunja kijiti, na vijiti vyenyewe alivimwaga yeye, na aliyevifagia ni mimi. Siku moja nilimvaa. Nilikuwa na fagio mkononi.

"Mwenyekiti, haya mnayafanya kwa raha au ni adhabu? Mmeiba nini?"

"Raha ni siku mnyama akianguka, shemeji."

"Na siku nyingine zote?"

"Siku nyingine zote ni za kuistahili."

"Loo! Basi Mungu atusamehe sisi tunaofurahi bila kustahili."

Aliangalia vijiti nilivyofagia akaenda kutafuta vingine.

Alikuwa na kifuko cha kitambaa alichojaza jivu laini. Porini kazi yake inaeleweka: unakitikisa, jivu linapeperuka, unajua upepo unakwenda wapi ili mnyama asikusikie harufu. Lakini huyu alikitikisa kila mahali. Alikitikisa kwenye foleni ya benki. Alikitikisa msibani, jeneza likiwa linatolewa nje, mpaka mama mmoja wa Kondoa akadhani ni dawa, akahama upande. Siku ya kipaimara cha Neema nilipika pilau la wageni, nimeamka alfajiri, nimeweka kila kitu kinachotakiwa. Mwenyekiti akasimama juu ya sufuria langu na kifuko chake, jivu likashuka palepale, akatangaza, "Upepo umegeuka, unatoka Kizota." Nilimwambia atoke jikoni kwangu kabla mimi sijageuka. Watu walicheka, yeye akashangaa kuna nini cha kuchekesha.

Sasa sikia hili. Mtu huyu alikuwa hali nyama ya porini. Alikuwa na vidonda vya tumbo, alikula ugali na mlenda, maziwa kidogo. Fungu lake la nyama, enzi zile walipokuwa bado wanapata, alimpelekea mjane mmoja wa nyuma ya nyumba yake, na aliupeleka mguu mzima, hakupunguza. Watu wanamsifu kwa hilo na wana haki. Mimi nilikuwa najiuliza mtu asiyekula anawinda nini.

Alichokuwa anakiwinda kilikuwa tandala mmoja. Dume kubwa, la zamani, pembe moja imekatika ncha. Alimwona siku moja kwenye lambo la upande wa Chemba, wakati hana risasi kwenye bunduki, na tangu siku hiyo hakukuwa na mnyama mwingine duniani. Kanga marufuku, mlio utamfukuza tandala. Digidigi marufuku. Moto marufuku. Wanaume walikwenda porini msimu mzima wakala mikate mikavu, wamekaa kimya, wakarudi hawana nyama, hawana ubuyu, hawana hata uongo. Nilikuwa nampokea mume wangu mlangoni namuuliza ilikuwaje, ananijibu, "Tumejitahidi." Mtu ametoka mapumzikoni anakujibu kama ametoka kikaoni!

Fundi wa Kizota ndiye wa kwanza kutolewa. Kosa lake, alikaanga kitunguu porini huku anaimba. Mwenyekiti alimwambia kitunguu kina harufu na wimbo una sauti, achague anakuja kuwinda au anakuja kuolewa. Fundi akamjibu kuwa yeye alikuwa anakuja kufurahi, na kama furaha imefungwa hata pori likifunguliwa yeye halimhusu. Akaacha. Mume wangu nilimwambia aache naye. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Mama Neema, tumeshajiandaa mno." Hapo ndipo niliposhika kichwa. Ukishamtwisha mtu maandalizi ya mwaka mzima, hawezi tena kuutua mzigo, maana itakuwa ameubeba bure.

Halafu serikali ikaanza kupunguza watumishi, na Baba Neema akapunguzwa. Mimi nikaanza kuuza vitumbua na chai karibu na stendi, yeye akaanza kulala. Alilala asubuhi, mchana akageuka upande wa pili. Nitasema ukweli ingawa unaniuma: aliyemtoa kitandani ni Mwenyekiti. Alfajiri baada ya alfajiri alikuwa anagonga dirisha na kiroba chake cha mchanga, hasemi pole, hasemi usijali, anasema, "Mlima unakusubiri." Na mume wangu anaamka, anavaa gwanda lake la beberu, anakwenda. Kwa hilo nilimshukuru moyoni. Mdomoni sikumshukuru, na nafurahi sikumshukuru.

Ni kule mlimani ugonjwa wa macho ulipojulikana. Baba Neema alianza kujikwaa. Akawa anagonga bega kwenye mlango, anamwaga chai pembeni ya kikombe. Nikampeleka kwa daktari wa macho, akampima, akatuambia ni presha ya macho, imeshakula sana, na kilichoondoka hakirudi. Alikuwa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, pembeni pote giza. Daktari alisema hata hilo bomba litazidi kuwa jembamba. Baba Neema aliuliza swali moja: "Msimu huu nitauona?" Daktari akadhani anauliza mambo ya kilimo. Akamwambia huu atauona, unaofuata asiutegemee.

Nilimeza kiburi changu nikaenda kwa Mwenyekiti. Nilimkuta anapaka bunduki mafuta barazani. Sikukaa.

"Mwenyekiti, rafiki yako anapofuka. Huu ndio mwaka wake wa mwisho wa kulenga kitu. Nakuomba, mwachie apige kanga. Mwachie Fundi aje apike. Wakae, wacheke, arudi na kitu cha kukumbuka. Huyo tandala wako atakuwepo mwakani."

Aliweka bunduki chini. Nilimwona macho yamemlegea, na nikaamini ana moyo.

"Kanga ni kidogo, shemeji. Miaka yote hii amefanya kazi. Msimu huu tandala ni wake."

"Sitaki tandala. Nataka afurahi."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja!"

"Nimekuahidi," akasema. "Mimi nitakuwa macho yake."

Nilipomwambia mume wangu, alilia. Alilia kwa furaha, mtu mzima, akaniambia hakuna aliyewahi kumpa kitu kikubwa namna hiyo. Ningesema nini? Niliweka sabuni yangu kabatini mwenyewe, bila kuambiwa, nikamfulia gwanda lake kwa maji matupu. Tukaanza kusubiri wote wawili. Walifanya mazoezi yao barazani: Mwenyekiti anakaa nyuma yake, akimgusa bega la kushoto ageuke kushoto, akimgusa la kulia ageuke kulia, mpaka kopo la maziwa liingie kwenye lile bomba lake. Walirudia mpaka mume wangu akawa anageuka kwa ulaini, hata mimi nikasimama na sufuria mkononi nikitazama. Kopo alilipata kila mara.

Walikwenda mwezi wa kumi, maji yamekauka kila mahali na lambo ni lile moja lililobaki. Walikaa kwenye kibanda cha miba tangu alfajiri. Baba Neema aliporudi nilikuwa nimetandika mkeka nje na majirani nimewaita. Aliteremka kwenye Landrova akishika mlango, akapapasa hatua, na kabla sijauliza akasema, "Hakutokea."

Mwenyekiti hakuteremka. Alinipungia mkono kupitia dirishani, akaondoka.

Baadaye, majirani wakiwa wameondoka, mume wangu alinisimulia. Alisema asubuhi yote alikuwa anausubiri mkono. Alihisi upepo mzuri, akasikia njiwa wanakunywa, akasikia Mwenyekiti anapumua nyuma yake, akasema moyoni, sasa hivi. Mkono haukuja. Nikaanza kumlaani Mwenyekiti, kanga wangekuwa kumi saa hizi, na yeye akanizuia. "Usimlaumu mtu, Mama Neema. Mnyama hana mkataba na mtu. Mimi nilikuwepo, yeye hakuwepo, basi." Walirudi mara nyingine mbili, lakini hizo zilikuwa za kukamilisha msimu tu. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, alikuwa anaujua mlango kwa kuupapasa.

Na neno hilo, hakuwepo, ndilo lililomweka hai. Nimeishi naye miaka mingi gizani humo, nawajua watu waliopofuka wakawa wachungu. Yeye hakuwa. Anasema alipata nafasi yake sawasawa na aliyekuwa na macho, akakaa pale alipotakiwa kukaa, na bahati ndiyo iliyokataa. Kwa ajili ya bahati hachukiwi mtu. Mimi nilibaki na chuki yangu ile ile ya siku zote, ya mtu aliyemnyima mume wangu kanga na kicheko kwa ajili ya ndoto kubwa. Niliona inanitosha.

Mwenyekiti alistaafu, akajenga Ipagala, mkewe akafariki, watoto wake wakatawanyika. Miaka ikapita hatujaonana. Halafu juzi juzi mume wangu akasikia kwamba ameanguka bafuni, mguu ukamsumbua, na sasa anatembelea fimbo. Akanituma nimpelekee zabibu. Nilimwambia zabibu ni za kuuza. Akasema, "Mpelekee." Nikapanda bajaji nimenuna mpaka dereva akazima redio yake.

Nilimkuta amekaa nje kwenye stuli, amekuwa mdogo, shati linamning'inia. Shikamoo ilinitoka kwa sababu nililelewa hivyo. Nikamwambia zabibu zimetoka kwa Baba Neema, mimi ni mbebaji tu.

"Anaendeleaje?"

"Haoni. Vingine vyote vizuri."

"Ananizungumzia?"

"Kila siku. Anasema mlifanya kila kitu mlichotakiwa kufanya, ila tandala hakutokea."

Mwenyekiti alishika zabibu zile mapajani, hakula hata moja.

"Alitokea, shemeji."

Nilisikia vizuri. Nilimwambia arudie.

"Alitokea. Alikuja upande wa kushoto, taratibu, akanywa maji. Pembe ile iliyokatika niliiona. Hata mtoto angeweza kumpiga. Ilikuwa nimguse mumeo bega tu."

"Na hukumgusa."

"Niliuinua mkono. Nikafikiria akianguka leo, kesho nitaamka nifanye nini? Januari nitaamka nifanye nini? Mkono nikaurudisha, nikaukalia. Tandala akanywa, akaondoka. Hajaonekana tena."

Nilimtukana. Sitayaandika niliyomwambia, mengine niliyasema Kigogo kwa sababu Kiswahili hakikunitosha. Majirani zake walitoka nje. Nilimwambia kwamba mume wangu alikaa pale na macho yake ya mwisho, anausubiri mkono wa mtu anaouamini kuliko wangu, na mtu mwenyewe ameukalia mkono kwa sababu anaogopa Januari. Alisema tu, "Mwambie. Mimi sina nguvu ya kumwambia. Mwambie wewe, nipumzike."

"Upumzike!" nilimwambia. "Wewe!"

Nilirudi nyumbani nimejaa hadi kooni. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno, nianze na lipi. Mimi si mtu wa kuficha neno, mtaa mzima unanijua. Nilimkuta Baba Neema amekaa barazani ameelekeza uso kwenye sauti ya lango, tayari anatabasamu.

"Umemwona? Amesemaje?"

Nilivua kanga ya begani, nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena.

"Anakusalimu."

"Ni hivyo tu?"

"Anakusalimu sana."

"Maskini, yuko peke yake," akasema. "Mwambie awe anakuja Jumapili tule. Huyu ndiye pekee aliyekuwepo siku ile."

Basi anakuja. Kila Jumapili bajaji inamshusha langoni, mume wangu anasimama kumpokea, wanakaa barazani. Baba Neema anasimulia upepo ulivyokuwa mzuri, njiwa walivyokuwa wanakunywa, na jinsi tandala alivyokataa kutokea, na anacheka, anacheka kama zamani za Fundi. Mimi ninapika mlenda laini usimuumize tumbo. Ninampakulia yule mtu kwa mkono wangu, ninasimama mbele yake mpaka apokee sahani, na hathubutu kuninyanyulia uso.